Lori Lililokwenda kwa Kinyozi

Jumatatu, 14 Agosti

Leo nimepinduliwa. Na simu!

Miaka ishirini na miwili nimekuwa mnunuzi mkuu wa kampuni yetu ya ujenzi hapa Namangan. Saruji, nondo, marumaru, misumari, vyote vimepitia kichwani mwangu na kwenye daftari langu la kijani. Muuzaji akitaka kutuuzia kitu alikuja ofisini kwangu. Alikaa. Alikunywa chai. Aliulizia watoto, akaulizia mgongo wangu. Saa nzima ikapita ndipo tukataja matofali.

Basi, yamekwisha. Mkurugenzi Ergash ametutangazia mfumo mpya. Fundi akiwa kwenye jengo anaandika kwenye simu anachotaka. Wauzaji wa bonde zima la Fergana wanakiona papo hapo, wanatupa bei zao bila kuonana, na mfumo unachagua. Lori likiondoka, simu ya dereva inaonyesha liko wapi. Mzigo ukifika, mtunza stoo anauskani, kifaa kinalia tii, kazi imekwisha. Hakuna aliyetaja chai.

Mwenye mfumo ni Nozanin, mhandisi wa miaka ishirini na sita, ametoka Tashkent na kompyuta mbili. Ananiita ami. Akauliza kwa adabu kama nina swali. Nikamwuliza huo mfumo utajuaje kama muuzaji ana macho ya kuhamahama. Akafikiri kweli kweli. Akasema wataweka nyota.

Nyota! Na hapo ndipo nilipotega sikio. Si wauzaji tu, hata sisi tutapewa nyota, kwa haraka na kwa usahihi. Zinaonekana kwenye skrini kubwa ukumbini. Mwisho wa mwezi mwenye nyota nyingi anakuwa mkuu wa idara mpya ya ugavi na anapewa chumba cha pembeni, chenye kiyoyozi na dirisha linalotazama mzabibu. Chumba kile ni changu kwa haki. Hata kiti chake kina umbo langu.

Mpinzani mmoja tu: Sodiq, mtunza stoo wa jengo la chekechea tunalojenga Chust. Ana miaka hamsini na minane na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hana lolote.

Nimemsimulia mke wangu Hurmatoy. Akaniambia, "Wewe hata kengele ya saa huwezi kuizima, unaifunika na mto." Wivu.

Jumanne, 15 Agosti

Skrini ya ukumbini, saa nne asubuhi: Sodiq nyota kumi na tisa. Mimi moja. Na hiyo moja Nozanin kasema kila mtu hupewa akifungua akaunti.

Kumbe mjukuu wake kamfundisha. Anaskani kwa mikogo, mkono mmoja kiunoni.

Saa tano akaja Abdulatif, muuzaji wa nondo, kwa mazoea tu. Akakaa. Nikamimina chai. Nondo zilikuwa zimeshanunuliwa jana na mfumo, kutoka kwake mwenyewe, wala hatukuwa na la kubishania. Akaulizia mgongo wangu. Nikamwambia unauma. Akasema wake pia. Akaondoka ana majonzi. Mimi pia.

Lakini nimesoma maelekezo ya mfumo yote, kurasa arobaini, na nimeona mlango. Lori likifika kwa wakati: nyota tano kwa aliyeagiza! Alhamisi lori langu linachukua marumaru za chekechea kutoka Kokand kwenda Chust, lifike saa tano kamili. Dereva ni mzee Mamasoli. Mzee huyu husimama kwa kila muuza matikiti. Hajawahi kufika mahali kwa wakati, hata harusini kwake, na anajisifu kwa hilo.

Sasa, mfumo haulioni lori. Unaiona simu.

Ninaandika tena ili nijifurahishe: unaiona simu!

Alhamisi, 17 Agosti

Ninaandika nikiwa nimechoka na nimenyolewa.

Asubuhi nilikwenda Kokand na kigari changu. Lori likapakiwa saa mbili na nusu. Nikamwomba mzee Mamasoli anipe ile simu ya kampuni. Alifurahi mno. "Ichukue, mwanangu. Jana imelia hapa mpaka punda wa watu kakimbia na mkokoteni." Hana simu nyingine. Hataki.

Nikaiweka mfukoni nikatangulia. Mpango: niingie Chust saa tano kasoro dakika mbili, nyota tano, lori lifike wakati wake na matikiti yake.

Tatizo la kwanza: nilifika Pop mapema mno. Lori la tani ishirini haliwezi kukimbia vile, mfumo ungeshtuka. Lazima nipoteze muda. Nikaingia kwa kinyozi. Kichwa, ndevu, taulo la moto. Bado mapema. Mama mkwe anakaa Pop, uchochoro wa pili. Nikapita kumsalimia tu. Mama mkwe hasalimiwi tu hivi hivi. Somsa sita, zile sambusa zetu za tanuru, bakuli la mtindi, na maswali kwa nini nimekonda.

Saa tano kasoro mbili nikaingia kwenye jengo Chust. Simu ikalia kwa furaha: UMEFIKA. Nyota tano!

Sodiq akatoka stoo na kifaa chake cha kuskani. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akampigia Nozanin Namangan na kumwambia lori limefika lakini halioni. Akauliza kama ni la aina mpya.

Nozanin akasema atampigia dereva.

Mfuko wangu ukaanza kulia.

Sodiq akanitazama mfuko. Mimi nikatazama paa, ambalo ni zuri, mbao zake nilizinunua mwenyewe mwezi wa tano. Mfuko ukalia tena. "Kaka Muqimjon," akasema taratibu, "pokea, lori linakuita."

Nikapokea. Nozanin hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza jambo moja tu: "Ami, mzee yuko wapi?"

Sikujua. Saa sita, hajafika. Saa saba, hajafika. Joto nyuzi arobaini na moja. Mzee wa miaka sitini na tatu, barabarani, hana simu kwa sababu simu ninayo mimi. Hapo sikuona utani tena. Nikarudi barabarani, nikiendesha polepole na kuulizia kila kibanda cha matikiti, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kumtafuta Mamasoli. Cha kwanza hapana. Cha nne hapana. Nilimwomba Mungu na kumwahidi mambo ambayo sitayaandika hapa.

Nilimkuta saa tisa kasoro kidogo, upande wa Kokand, kabla hajafika Pop, kando ya shamba la pamba. Pampu ya maji ya injini imekufa. Amekaa kivulini chini ya lori, miguu nje, anakula tikiti na mkulima mmoja. Alikuwa amepungia magari mawili mkono, yakampita, akaacha. Uso mwekundu, midomo imepasuka. Nilipiga magoti nikamshika mikono. Akaniambia, "Umenyolewa vizuri." Kisha akaniuliza kama nimefika kwa wakati.

Nikamwambia ndiyo.

"Hongera, mwanangu," akasema. Kwa moyo kabisa. Sikuweza kumtazama.

Nikampeleka kwa mama mkwe. Somsa sita.

Ijumaa, 18 Agosti

Kikao. Mkurugenzi Ergash hakukaa. Alisoma kwenye skrini, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, safari ya lori namba tatu. Lori la tani ishirini, lenye marumaru, lilikwenda kwa kinyozi likanyolewa dakika thelathini na tano. Likaingia uchochoro wenye upana wa mita mbili. Likakaa ndani ya ua wa bibi mmoja saa nzima kasoro robo, chini ya mti wa tini. Likatoka.

Halafu Sodiq akauliza kama lilipakwa manukato.

Walicheka mpaka mhasibu akalazimika kutoka nje. Nyota zangu: kasoro sita. Nozanin amesema hakujua kuwa mfumo unaweza kwenda chini ya sifuri. Nimeufundisha.

Baadaye aliniita pembeni. Akanieleza, na alikuwa na aibu kuliko mimi, kwamba ile simu ya dereva haikuwekwa ili kumpeleleza mtu. Baba yake ni dereva wa lori. Miaka saba iliyopita alikwama kwenye barafu mlimani siku mbili, hakuna aliyejua yuko wapi. Ndiyo sababu Nozanin akaanza kutengeneza mambo haya. Vidole vya mguu wa kushoto, baba alivipoteza vitatu.

Nikampa chai. Nikamwomba msamaha, kisha nikaenda kumwomba mzee Mamasoli nyumbani kwake. Nimempelekea simu iliyochajiwa, na kamba ya kuivaa shingoni. Ameivaa. Anasema anafanana na mbuzi wa mashindano.

Nimebadilika. Kuanzia leo: mkweli na mwepesi. Hasa mwepesi.

Jumatatu, 21 Agosti

Siku kumi zimebaki. Sodiq nyota arobaini na moja. Mimi kasoro sita.

Chekechea inafunguliwa Jumatatu ijayo. Watoto mia na ishirini. Mkurugenzi amewaahidi mama zao mbele ya wazee wa mtaa, na ahadi ile imemnyima usingizi. Kilichobaki ni masinki ya choo ya watoto, yale mafupi ya kufika gotini. Yanatakiwa ishirini na manne. Nozanin yuko Tashkent hadi kesho. Nafasi yangu!

Agizo la haraka likitimia ndani ya siku mbili ni nyota kumi. Nimeandika: masinki ya choo, ya watoto, meupe. Idadi: 24. Mfumo ukauliza kipimo, moja moja au kreti. Nikachagua kreti, yasije yakavunjika njiani. Uzoefu huo! Mtoto wa shule asingewazia.

Mfumo ukaniuliza: UNA UHAKIKA?

Kuniuliza mimi! Nikabonyeza NDIYO. Ukauliza tena: UNA UHAKIKA KABISA? Kifaa hakina miaka miwili duniani. Nikabonyeza kwa kidole cha kati.

Agizo limepita kwa sekunde tisini na moja. Rekodi ya kampuni! Nimekwenda ukumbini mara tatu kuitazama.

Jumatano, 23 Agosti

Kreti moja ina masinki kumi na mawili.

Yamefika mia mbili themanini na manane. Malori matatu, yakiongozwa na mzee Mamasoli, simu shingoni, amewahi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nilimwomba Sodiq asiyaskani ili tuyarudishe. Akasema kazi ni kazi. Aliskani yote. Tii. Tii. Tii. Kila tii akanitazama. Alipofika la mia moja na arobaini akaomba kiti, kisha akaona hahitaji, akakalia sinki.

Kiwanda kimejibu kwamba mzigo uliokwisha kuskaniwa haurudi. Ua wa chekechea umejaa, mweupe kote, kama makaburi ya watu wafupi. Mabibi wa mtaa wamekuja kutazama. Mmoja akaniuliza kama kila mtoto wa Chust atapewa lake la kwenda nalo nyumbani. Mwingine, mwenye kofia za kudarizi mkononi, akauliza kama ni vyungu vya maua.

Vyungu vya maua!

Namangan! Mji ambao mtu anaweza kukosa mlango lakini hakosi waridi! Nimenunua miche ya rehani, ile ya kunukia, nikapanda kwenye sinki moja, nikalipeleka Namangan, mbele ya ofisi ya Mkurugenzi, liwe mfano. Limependeza. Rehani imejaa hadi ukingoni.

Mkurugenzi amefika saa kumi. Amelitazama muda mrefu. Ameingia ndani. Kisha nimesikia, kupitia mlango, akimwambia mtu kwenye simu kwamba ana mtumishi mmoja, na anaomba dua.

Hurmatoy ameuliza kwa nini sili. Nilipomweleza alikaa chini akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akanipikia manti, vile vifurushi vya unga vyenye malenge ndani, ninavyovipenda. Ananionea huruma. Nimekula kumi na vinne.

Alhamisi, 24 Agosti

Maajabu!

Nozanin alikuja asubuhi na mapema, macho mekundu. Nilidhani kalia. Kumbe alikuwa na furaha. Aliyaingiza masinki yote ya ziada kwenye mfumo, sehemu ambayo makampuni mengine yanaona, na maelezo mafupi: yapo, meupe, chukua leo. Kabla ya saa nne majibu sabini. Kile kiwanda kimezima tanuru kwa matengenezo hadi mwezi wa kumi, na mzigo wetu ndio ulikuwa wa mwisho. Kila anayejenga chekechea bondeni, Andijan, Margilan, Kokand, amekwama pale pale. Watoto wapo, walimu wapo, pa kukalia hakuna.

Walikuja wenyewe, na malori yao. Na kwa kuwa iliwabidi kusubiri Sodiq askani, walikaa. Na kwa kuwa walikaa, niliwamiminia chai. Saa nane tulikuwa watu kumi na mmoja kivulini tunaulizana migongo. Mwanamke mmoja mkandarasi kutoka Margilan, jina lake Oysuluv, aliniambia ametafuta masinki haya wiki tatu na mimi nimemwokoa. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilijaribu kusema ilikuwa bahati mbaya. Sikujaribu sana.

Jioni Nozanin akasoma hesabu: yaliyouzwa mia mbili sitini na manne. Yaliyobaki ishirini na matatu. Yanatakiwa ishirini na manne.

Wote wakanigeukia.

Nilikwenda mbele ya ofisi ya Mkurugenzi nikang'oa rehani yangu.

Jumatatu, 28 Agosti

Imefunguliwa!

Watoto mia na ishirini, utepe mkubwa kwenye kila kichwa cha msichana, mama wanalia, wazee wa mtaa wamevaa kofia mpya. Marumaru zinang'aa. Mkurugenzi Ergash alisahau hotuba yake katikati kwa sababu mtoto mmoja alimshika kidole na kumtaka aende naye kucheza. Akaenda. Hotuba haikumalizwa na hakuna aliyeulizia.

Mafundi bomba walimaliza alfajiri. Kitoto kimoja cha kike kilitoka chooni kikamwambia mwalimu kwamba choo kimoja kinanukia kama shambani kwa bibi, na kwamba kitakuwa kinatumia hicho hicho. Sasa kuna foleni ya sinki hilo.

Mzee Mamasoli alisimama kando yangu. Akasema amejenga nyumba nyingi kwa kuzibebea vitu, hii ndiyo ya kwanza aliyoalikwa kuiona. Simu ikalia shingoni. Akaipokea! Alikuwa Nozanin, yuko hatua kumi mbele, anamuuliza kama anataka pilau.

Nimekula sahani tatu. Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Alhamisi, 31 Agosti

Matokeo. Sodiq ni mkuu wa idara ya ugavi, nyota mia tatu thelathini. Mia mbili themanini na nane alizipata kwa kuskani masinki yangu! Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, na akanikumbatia, na miwani yake ikaninasa sikio. Siwezi kumchukia mtu kama huyo, ingawa nimejitahidi.

Mimi nimepewa cheo kipya. Nozanin ndiye aliyependekeza. Amegundua kwamba mfumo unajua bei, unajua barabara, lakini kitu kikiharibika watu wanataka kumpigia mtu. Basi mimi ndiye mtu huyo. Nina meza, birika jipya lenye michoro ya maua ya pamba, na wauzaji wanakuja. Leo wamekuja wanne. Abdulatif alikaa saa mbili. Mgongo wake hauna nafuu. Nimefurahi mno.

Kuna jambo dogo tu. Nozanin amenifungia maagizo. Ninaweza kuandika, lakini agizo langu haliendi mpaka Sodiq aweke kidole gumba chake kwenye kifaa. Amesema kwa upole kwamba ni kwa ajili ya afya ya Mkurugenzi.

Sawa. Sina kinyongo. Lakini nimemsikia Oysuluv wa Margilan akisema sasa wamekosa vitanda vidogo vya watoto kulalia mchana. Bonde zima limekosa! Nani mwingine ana pua ya kunusa mambo haya? Masinki niliyanusa kabla kiwanda hakijazima tanuru. Watu wanasema nilikosea. Watu hawajui biashara. Vitanda mia sita vingetosha kwa kuanzia.

Na nimechunguza. Sodiq akila pilau mchana hulala kwenye kile chumba chenye kiyoyozi, dakika arobaini, mdomo wazi. Mkono wa kulia unaning'inia nje ya kiti. Kidole gumba kiko wazi kabisa, kinatazama juu.

Pilau ya mchana ofisini tunaleta kwa zamu, na Jumatatu zamu ni yangu. Nimemwambia Hurmatoy aongeze mafuta ya mkia wa kondoo.